Kaske Nyeupe ya Herménégilde

Herménégilde hakuteremka garini kunisalimu. Nianzie hapo, maana chuki yangu nayo ilianzia hapo. Alikuja mtaani kwetu Musaga kutazama nyumba yangu akiwa ndani ya pikapu chakavu, akaegesha mbele ya lango, akashusha kioo na kunipa mkono kupitia dirishani kana kwamba mimi ni askari wa barabarani anayekagua leseni. Mimi ni mwalimu. Nusu ya watoto wa mtaa huu wamejua kusoma mikononi mwangu, na baba zao wakinikuta njiani hunipisha. Kwetu hata adui akija kwako huteremka, mnashikana mikono, mnaulizana habari za wagonjwa na za shamba, ndipo mnaanza kuchukiana vizuri. Huyu alibaki kwenye kiti chake, akauliza upana wa nyumba, akauandika kwenye kiganja.

"Hautaki kushuka uone kuta?" nikamwuliza.

"Apana, mwalimu. Minaona hapa hapa."

Mama yangu, Spéciose, alikuwa amelala kwenye chumba cha mbele, dirisha likiwa wazi. Upande wake mmoja ulikuwa umekufa ganzi mwaka uliotangulia, lakini masikio yake hayakufa. Gari lilipoondoka akaniuliza ni mwanamume gani huyo anayesalimia watu akiwa amekaa. Nikamjibu kwamba ni mtu mwenye kibali cha serikali, na wenye vibali siku hizi hawana magoti.

Nilimpa kazi kwa sababu ya hicho kibali. Miaka michache kabla ya hapo upepo uling'oa mapaa mengi upande wetu wa kusini, na serikali ikaamua kwamba kuezeka si kazi ya kila mwenye nyundo tena. Anayetaka kuezeka nyumba ya mtu sharti awe na agrément, ndicho hicho kibali, na sharti awe juu ya paa yeye mwenyewe muda wote kazi inapofanyika. Ili ajulikane, avae kofia ngumu nyeupe, ile tunayoita kaske, yenye namba yake ubavuni. Kama hakuna kaske nyeupe juu, hakuna msumari unaopigwa, na wakaguzi walizunguka mitaani kwa gari wakitazama mapaa. Redio nayo haikuchoka: mwananchi, usitazame maneno ya fundi, tazama kaske nyeupe. Mimi ni mtumishi wa serikali, nikaamini. Niliwafundisha hata wanafunzi wangu, wakawa wanaikariri sentensi hiyo asubuhi kabla ya hesabu.

Mafundi walifika siku ya Jumatatu. Sikuiona pikapu ila kwa mbali, imeegeshwa barabarani, lakini juu ya kuta zangu nilimwona mtu wa kaske nyeupe, namba ubavuni, amejifunga kitambaa puani kwa sababu ya vumbi. Mtu huyo alikimbia juu ya mbao nyembamba kama mbuzi. Alirukia upande wa ziwa, akarukia upande wa mlima, akainama, akainuka, na nyundo yake ilikuwa haina pumziko. Nilisimama uani na mkoba wangu wa shule, nikamtazama, na badala ya kufurahi nilizidi kukasirika. Kumbe miguu anayo. Miguu ya kuchezea angani anayo, ya kuteremka garini amsalimie mwanamke mwenye nyumba hana. Nilikwenda shule nikiwa na hasira hiyo, na watoto waliipata.

Kesho yake niliporudi mchana kazi ilikuwa imekwisha na watu wameondoka. Mabati yaling'aa. Nyuma tu, upande unaotazama ziwa, niliona nyaya zimechomoza ukutani, zile ambazo mwashi huziacha kwenye saruji ili mbao za paa zifungwe nazo. Zilikuwa zimelegea, zimesimama kama masharubu ya paka. Nilimpigia simu Herménégilde. Akaniambia wamehamia kwenye kazi nyingine Kinanira, watapita kuzifunga. Nilifikiri mwenye kibali anajua anachosema.

Upepo wa Novemba haukusubiri apite. Ulitoka ziwani alasiri moja, ukaingia chini ya mabati upande ule ule wa nyaya, ukalinyanyua paa kama mtu anayefunua sufuria kuona kama maharage yameiva. Nusu ya mabati ilitua kwa jirani. Nilimkuta mama amelowa, kitanda kimelowa, na mkono wake mzima ameuweka usoni kuzuia mvua. Hakulia. Aliniambia tu kwamba leo ameiona mbingu bila kutoka nje. Tulimsogeza kwenye pembe ambayo bado ilikuwa na mabati, tukafunga shitingi, turubai la plastiki, juu yake, na kila usiku shitingi ile ilijaa maji katikati, ikabidi niisukume kwa mti wa ufagio. Akaanza kukohoa. Hapo ndipo chuki yangu ilipopata kazi ya kufanya.

Herménégilde alipokea simu. Alisema anajua, anasikitika, watu wake watakuja. Hawakuja. Baada ya upepo ule wakaguzi walijaa mitaani, na mafundi wote walikuwa wamejificha kama panya. Basi nikaenda mwenyewe kushtaki kwenye komisheni inayotoa vibali vya waezekaji.

Mwenyekiti wa komisheni aliitwa Népomuscène, mhandisi, mtu wa tai na viatu visivyojua tope. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaniambia paa lenye kesi haliguswi. Likiguswa, ushahidi umeharibika.

"Mama yangu iko chini ya huo ushahidi," nikamwambia. "Ananyeshewa kila siku."

"Najua, mwalimu. Lakini ni règlement, ni sheria."

Ningeweza kumtemea mate. Nilikwenda nyumbani nikasukuma shitingi kwa ufagio, nikangoja kikao, na kila tone lililoanguka nililiandikia jina la Herménégilde.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Mbele walikaa wanakomisheni, nyuma kwenye mabenchi walikaa mafundi wa Buyenzi, waliokuja kusikia. Népomuscène alianza kwa Kifaransa, akaona nyuso za nyuma hazipo naye, akageukia Kiswahili. Ndipo mlango ukafunguka, na Herménégilde akaingia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akiwa amesimama chini, nje ya gari. Alikuwa na bakora. Aliburuta mguu wa kulia kama mtu anayevuta mzigo, na kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti alipumzika njiani.

Mtu niliyemwona kwa macho yangu akiruka juu ya kuta zangu leo amekuja na kibakora ili ahurumiwe.

"Mwalimu Elvire," Népomuscène akauliza, "huyu njo mutu aliezeka nyumba yako?"

"Ni yeye."

"Ulimuona juu ya paa?"

"Nilimuona na macho yangu. Kaske nyeupe, namba yake, yote. Alikuwa anakimbia juu ya mbao kama mbuzi." Nikageuka nikamtazama. "Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini guu la huyu limevunjika leo asubuhi, kwa ajili ya hiki kikao."

Watu wa mbele walicheka. Hata Népomuscène alicheka, akashusha uso kwenye makaratasi. Mabenchi ya nyuma hayakucheka, na nilidhani ni kwa sababu kunguru hamdonoi kunguru mwenzake. Fundi mmoja mwembamba, mwenye baraghashia nyeupe kichwani, aliinuka akataka kusema. Baadaye nilikuja kujua anaitwa Ilyasi. Herménégilde aligeuza shingo akamtazama, na Ilyasi akakaa. Nikasema moyoni: wanapanga uongo wao mbele yetu, bila hata haya.

"Herménégilde," Népomuscène akasema, "unajibu nini?"

"Namba ni yangu. Paa ni yangu. Minakubali."

"Na huo mguu?"

"Mguu ni mguu, bwana shefu."

Watu wakacheka tena. Njia ya mwongo ni fupi, nikafikiri, na hii imeishia kwenye bakora.

Népomuscène alinieleza kwamba kuna njia mbili. Ya kwanza, Herménégilde anyang'anywe kibali na faili liende mahakamani, na paa libaki lilivyo mpaka mtaalamu wa mahakama alione. Ya pili, kwa kuwa amekubali kosa, arudishe paa yeye mwenyewe, kwa mikono yake, mbele ya mkaguzi, na mtu asiye na kibali asikanyage hata bati moja. Akaniuliza mimi, mlalamikaji, ninataka ipi.

"Apande yeye," nikasema. "Asitume mutu. Nataka nimuone anakimbia tena."

Herménégilde alishika bakora yake. Aliitikia kwa kichwa, akaomba asaidiwe kuinuka.

Walikuja Jumamosi. Népomuscène alikuja mwenyewe, akaketi kibarazani kwangu na Fanta yake mkononi, akitazama juu. Pikapu ilisimama, kwa mara ya kwanza mlangoni kabisa, na usukani aliushika Ilyasi. Herménégilde alianza kuteremka. Ilitoka bakora, ukatoka mguu wa kushoto, kisha kwa mikono yote miwili akaushika mguu wa kulia chini ya goti, akautoa nje kama mtu anayetoa gogo. Bado nilisema anaigiza, tena anaigiza vizuri, mtu huyu angefaa kuigiza siku ya sherehe za shule. Alivaa kaske. Ilyasi akasimamisha ngazi, akaishika kwa chini.

Alipanda. Alishika ngazi juu, akajivuta kwa mikono, akaweka mguu wa kushoto, akaukokota wa kulia uliokuwa haukunji, akalaza tumbo kwenye ngazi na kupumua. Halafu tena. Suruali ilipovutika niliuona ule mguu, mwembamba kuliko mwenzake, na nyama yake imekwenda. Alipofika katikati ya ngazi niliacha kusema anaigiza. Hakuna anayeigiza namna ile mahali ambapo akikosea anakufa.

Nikamtazama Ilyasi. Alikuwa ameinua uso, na miguu yake ilikuwa haitulii chini, inatafuta pa kukanyagia, kama miguu ya mtu anayetazama mwenzake akicheza mpira vibaya. Yale mabega niliyajua. Ile shingo niliijua. Mbuzi niliyemwona akikimbia juu ya kuta zangu alikuwa amesimama kando yangu, ameshika ngazi.

Nilijua pia ninachopaswa kufanya. Népomuscène alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu. Ningemwambia: bwana shefu, nilikosea, huyu si yule. Na baada ya hapo? Kibali kingekwenda, Ilyasi angekamatwa kwa kuezeka bila kibali, na paa langu lingerudi kuwa ushahidi. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka Kinanira. Ndani, mama alikohoa, kikohozi kile cha kifua kilichojaa maji. Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka paa, na sina neno zuri zaidi la kuliita jambo hilo.

Alifanya kazi akiwa amelala kifudifudi. Ilyasi alimpandishia mabati kwa kamba akiwa ardhini, na kila mara alimwambia kwa sauti ya chini: anza na ya kona, sasa ile ya pili, vuta, kaza. Zile nyaya za upande wa ziwa Herménégilde alizifunga moja moja kwa koleo, akizisokota mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hakuacha hata moja. Alipojigeuza kufikia mbao ya mwisho, mguu ulimponyoka, akateleza mpaka ukingoni na kushikwa na kiwiko chake tu. Kaske ilimvuka kichwani, ikabingirika juu ya mabati, ikaanguka uani.

Népomuscène alisimama. "Kaske!" akasema. "Avae kaske! Haruhusiwi kubaki kule bila kaske."

Mtu alikuwa ananing'inia kwa kiwiko, na mhandisi aliona kofia. Ilyasi alikuwa ameshika kamba ya bati lililokuwa nusu njia, hawezi kuiachia. Basi niliiokota kaske mimi, nikavua viatu, nikapanda ngazi, mwanamke wa umri wangu, na kitenge changu nimekikunja kiunoni. Juu nilimkuta amejivuta tena juu ya mbao. Uso wake ulikuwa umepauka, na jasho lilikuwa linadondoka kutoka kidevuni.

"Si we ulikuwa hapa siku ile," nikamwambia.

"Nyamaza, mwalimu. Atasikia."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ulikuwa unapiga kelele," akasema. "Nipe kaske."

Nikampa. Nilishuka, na sikuwa na pa kuyaweka macho yangu. Népomuscène alinipongeza kwa kuheshimu usalama wa kazi.

Msumari wa mwisho ulipopigwa mhandisi alizunguka nyumba, akagusa nyaya kwa kidole, akatia sahihi karatasi yake, akaenda. Herménégilde alibaki juu. Hakuweza kushuka. Sasa kwa kuwa serikali ilikuwa imeondoka, Ilyasi alipanda kwa namna yake, sekunde chache tu, akamfunga kamba kifuani na kumshikilia kutoka juu. Mimi nilisimama kwenye ngazi chini yake, nikaushika ule mguu kwa mikono yangu, nikauweka kwenye kipandio kimoja, halafu kingine, halafu kingine. Ulikuwa baridi na mzito. Alipumua kwa meno yaliyobana na hakulalamika, na hilo nalo liliniudhi, maana angenitukana ningejua la kumjibu.

Mvua ilipiga kabla hatujamfikisha kwenye pikapu, tukamwingiza ndani. Tulimlaza kwenye kiti kirefu sebuleni. Juu yetu mabati yalinguruma, na hakuna tone lililopita. Mama, kutoka chumbani, aliuliza ni nani aliyekuja.

Herménégilde alifumba macho, na Ilyasi ndiye aliyenisimulia. Walianza kazi pamoja, kijana wa milima ya Muramvya aliyehamia Nyakabiga na kijana wa Buyenzi, wakifundishwa na baba yake Ilyasi. Kwa kukimbia juu ya mbao, alisema Ilyasi, Herménégilde alikuwa anamshinda. Kisha asubuhi moja, juu ya ghala fulani, bati lenye umande liligeuka chini ya mguu wake, na nyonga ikavunjika pale ilipokutana na saruji. Mwenye ghala hakumjua tena. Alilala muda mrefu, na mkewe, Joëlla, akaanza kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni ili wale. Sheria ya vibali ilipokuja, mtihani ulikuwa wa maandishi, kwa Kifaransa, ndani ya ukumbi. Ilyasi alisoma madrasa na madarasa machache tu, akarudisha karatasi nyeupe. Herménégilde alifika sekondari kabla ada haijamshinda. Ilyasi alimpakia kwenye baiskeli akampeleka, na alifaulu.

"Kwenye mtihani hapakuwa na ngazi," Ilyasi akasema. "Batu banauliza tu juu ya karatasi."

Kwa hiyo mmoja akawa na kibali bila mguu, mwingine akawa na miguu bila kibali, na kaske ikawa moja kati yao. Mafundi wengine wa Buyenzi walioanguka mtihani nao wakaja kuiazima. Ikawa inahama na pikapu, asubuhi Nyakabiga, mchana Musaga, jioni Kinanira, na Herménégilde akikaa ndani ya gari barabarani, ili akitokea mkaguzi awepo. Kaske ikiondoka, kila mtu sharti ashuke, hata kama kazi haijaisha.

"Siku ile watu ya Kinanira walikuwa banaingojea," Ilyasi akasema. "Njo tulishuka kwako kabla ya kufunga nyaya."

"Kwa hiyo mama yangu alinyeshewa kwa sababu kofia ilikuwa na rendez-vous Kinanira."

"Ndiyo, mwalimu. Kosa ni yangu. Mi njo sikufunga."

"Ni yangu," Herménégilde akasema bila kufumbua macho. "Namba ni yangu."

Niliwachukia wote wawili, nikaichukia komisheni kuliko wao, na redio iliyonifundisha kutazama kofia nikaacha kutazama mtu. Niliwaambia hivyo hivyo. Niliwaambia kwamba mama ana maji kifuani, na ujanja wao wa kuhamisha kaske ungemuua, na kwamba njaa si ruhusa ya kuacha waya. Ilyasi aliinamisha kichwa. Herménégilde alisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaniuliza kama ningeweza kumpa kitu cha kuweka chini ya nyonga. Nilimletea mto wangu.

Mama alipona kikohozi. Paa halijatikisika tangu siku ile, na upepo umekwishalijaribu. Simpendi Herménégilde. Nilikwenda Nyakabiga mara moja kumwona, nikiwa na sukari na mchele, na Joëlla alipokea vitu vile mlangoni bila kunikaribisha ndani. Aliniambia mumewe amelala. Alijua mimi ni nani. Ningekuwa yeye, ningenifungia mlango zaidi.

Juzi juzi nilikuwa Kinanira, ninapanda kwenda kwa mwalimu mwenzangu aliyefiwa. Gari la komisheni lilisimama kando yangu, Népomuscène akashusha kioo. Alikuwa anatazama nyumba mpya ng'ambo ya barabara. Juu ya mbao zake kulikuwa na kaske nyeupe, na aliyeivaa alikuwa anakimbia.

"Mwalimu," akasema, "bahati nzuri. We unamujua vizuri. Ule pale juu ni Herménégilde?"

Nilivuka barabara kwanza, nikaingia katika kiwanja kile, nikazunguka nyumba nikitazama mahali ambapo ukuta unakutana na mbao. Nilitazama upande wa mlima, nikatazama upande wa ziwa, kona zote. Nyaya zilikuwa zimefungwa, zimesokotwa, hata moja haikuchomoza. Juu, nyundo ilikuwa imenyamaza. Ilyasi alikuwa amesimama na kitambaa chake puani, ananitazama. Nikarudi kwenye gari.

"Ni yeye," nikasema.

"Uko na hakika?"

"Namjua kwa mwendo wake."

Népomuscène, asiyewahi kutazama chini ya kaske, alifurahi, akapandisha kioo, gari likaondoka. Saa hiyo Herménégilde alikuwa Nyakabiga, kitandani, mahali ambapo amelala tangu Jumamosi ile, akimngoja Joëlla arudi kutoka sokoni amgeuze upande wa pili.